Dinari ya Mwaka 77: Jinsi Abdul-Malik bin Marwan Alivyoiondoa Sura Yake Kwenye Dhahabu

Dinari iliyopigwa mwaka 77 Hijiria, yaani kati ya mwaka 696 na 697 Miladia, ni kipande chembamba cha dhahabu chenye upana wa takriban sentimita 2 na uzito wa gramu 4.25. Katikati ya upande mmoja, mistari mitatu ya hati ya Kikufi inasema kwamba hapana mungu ila Allah, peke yake, hana mshirika. Pembezoni yanazunguka maneno ya Sura At-Tawba kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah, aliyetumwa na uongofu na dini ya haki ili aidhihirishe juu ya dini zote. Upande wa pili kuna maneno ya Sura Al-Ikhlas: Allah ni mmoja, Allah ndiye mkusudiwa, hakuzaa wala hakuzaliwa. Pembezoni mwake imeandikwa kwamba dinari hii ilipigwa mwaka wa sabini na saba. Hakuna uso wa mfalme, hakuna msalaba wala taji. Jina la khalifa aliyeamuru ipigwe, Abdul-Malik bin Marwan wa ukoo wa Bani Umayya uliotawala kutoka Dameski, halimo, wala jina la mji ilikopigwa.

Miaka mitatu tu kabla yake, dinari za khalifa huyo huyo zilikuwa na picha yake. Alichorwa amesimama wima, nywele zimeshuka hadi mabegani, ndevu ndefu, kanzu imefungwa mshipi na mkono umeshika upanga ulio ndani ya ala. Aliyeamuru picha ile ichongwe ndiye aliyeamuru iondolewe, na aliiondoa akiwa tayari amewashinda wapinzani wake wakubwa, wakati ambapo mfalme mwingine wa zama zile angezidisha picha zake. Uchambuzi huu unahusu uamuzi huo mmoja. Naamini kwamba ukieleweka vizuri unaonyesha jinsi ukoo wa Bani Umayya ulivyonusurika katika karne ya kwanza ya Hijiria, na vilevile deni ambalo ukoo huo ulijiandikia kwa mkono wake na kuja kudaiwa mwaka 750.

Bendera nne Arafa

Hali aliyorithi Abdul-Malik inaonekana wazi zaidi katika hija ya mwaka 68 Hijiria, iliyoangukia katikati ya mwaka 688. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba mwaka ule mahujaji walisimama Arafa chini ya bendera nne. Moja ilikuwa ya Abdallah bin Zubeir, aliyekuwa Makka na ambaye Hijazi na sehemu kubwa ya Iraki zilikuwa zimempa bai'a, yaani kiapo cha utii, kama khalifa. Ya pili ilikuwa ya Muhammad bin al-Hanafiyya, mwana wa Ali bin Abi Talib. Ya tatu ilikuwa ya Khawariji, kundi lililojitenga na pande zote, chini ya Najda bin Amir, waliokuwa wakitawala Yamama na maeneo ya jirani. Ya nne ilikuwa ya watu wa Shamu (Siria na nchi jirani), wafuasi wa Bani Umayya. Wote walivaa ihramu, wote walileta talbiya ile ile, na hija ikamalizika bila mapigano. Kila kundi lilirudi kwao likiamini kwamba matatu yaliyobaki yamepotoka.

Kati ya hao, Bani Umayya hawakuwa na hoja nzuri kupita wengine. Muawiya alikuwa ameusimamisha utawala wa ukoo huo mwaka 661, mwanawe Yazid akafariki mwaka 683, na mjukuu wake akafariki baada ya muda mfupi sana. Ukhalifa ukahamia kwenye tawi jingine la ukoo kupitia Marwan bin al-Hakam, mzee aliyechaguliwa na makabila ya Shamu mwaka 684 na kufariki mwaka uliofuata. Abdul-Malik alipokea Shamu na Misri, na hata Shamu yenyewe haikuwa shwari: mwaka 689 jamaa yake Amr bin Said aliiteka Dameski wakati khalifa yuko safarini, na Abdul-Malik alimpa ahadi ya usalama kisha akamuua. Ili asishambuliwe na Warumi wa Bizanti kwa nyuma, alikubali kumlipa Kaisari Justinian II ushuru wa dhahabu.

Baada ya hapo ushindi ulifuatana. Mwaka 691 jeshi la Abdul-Malik lilimshinda na kumuua Mus'ab bin Zubeir, nduguye Abdallah, huko Iraki. Mwaka 692 jemadari wake Hajjaj bin Yusuf aliizingira Makka kwa miezi kadhaa na kuirushia mawe kwa manjaniki, mpaka Abdallah bin Zubeir akauawa. Kwa hesabu ya upanga, mambo yalikwisha. Hata hivyo, khalifa aliyeupata ukhalifa kwa kuupiga kwa mawe mji wa Al-Kaaba alikuwa na kazi nyingine mbele yake, kazi ambayo Hajjaj hangeweza kumfanyia, nayo ni kuwafanya watu waliokuwa chini ya zile bendera nyingine tatu waone kwamba utawala huu ni wao pia.

Fedha yenye uso wa mfalme aliyekufa

Waislamu walipoziteka Shamu, Iraki na Misri katika miaka ya 630 na 640, hawakuja na sarafu yao. Waliendelea na walizozikuta: upande wa magharibi dhahabu na shaba ya Rumi, upande wa mashariki fedha ya Kiajemi. Mafundi waliokuwa wakipiga sarafu kwa ajili ya Wasasani, wafalme wa Uajemi, waliendelea kuzipiga kwa ajili ya magavana wa Kiarabu, kwa umbo lile lile. Dirhamu ya Basra ilikuwa na uso wa Khusraw II na taji lake lenye mabawa, na upande wa pili madhabahu ya moto yenye walinzi wawili. Jina la gavana liliandikwa kwa hati ya Kipahlavi, na ukingoni pakaongezwa neno moja la Kiarabu: Bismillah. Khusraw aliuawa mwaka 628. Zaidi ya miaka 60 baadaye, askari wa Kiislamu bado alipokea ujira wake kwa fedha yenye uso wa mfalme huyo wa Kimajusi.

Kwenye dhahabu mambo hayakuwa mbali na hayo. Zilipigwa dinari za kuigiza zile za Kaisari Heraclius, aliyechorwa amesimama na wanawe wawili, ila mafundi waliondoa kipande cha kukingama cha misalaba, ikabaki mithili ya vijiti vilivyosimama. Ukizitazama sarafu hizo unauona utawala usiojua bado useme nini juu ya nafsi yake, lakini umeshajua nini hautaki kusema.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kwangu ni kiini cha kisa hiki. Waliotangulia kuweka tamko la imani kwenye sarafu hawakuwa Bani Umayya. Walikuwa wapinzani wao. Mwaka 66 Hijiria, gavana wa upande wa Ibn Zubeir katika mji wa Bishapur, Uajemi, alipiga dirhamu ya umbo la Kisasani na kuandika ukingoni kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah. Hiyo ndiyo sarafu ya zamani kabisa yenye tarehe inayomtaja Mtume kwa jina. Miaka michache baadaye, Qatari bin al-Fuja'a, kiongozi wa Khawariji aliyejiita amiri wa waumini, alipiga zake zenye kaulimbiu ya kundi lake kwamba hapana hukumu ila ya Allah. Wakati huo wote, Dameski ilikuwa kimya. Abdul-Malik alipopambana na watu hawa alirithi pia hoja yao, na alikuwa na busara ya kutoitupa.

Miaka mitano ya kujaribu

Simulizi inayojulikana zaidi kuhusu chanzo cha dinari hii imehifadhiwa na mwanahistoria al-Baladhuri wa karne ya 9. Misri ilikuwa ikiiuzia Rumi karatasi za mafunjo. Abdul-Malik aliamuru kichwa cha karatasi hizo, kilichokuwa na maneno ya Kikristo, kibadilishwe kiwe cha tauhidi. Kaisari akakasirika na kutishia kwamba asipoacha, dinari za Rumi zitaandikwa matusi juu ya Mtume. Abdul-Malik akamwita Khalid bin Yazid, mjukuu wa Muawiya, na Khalid akamshauri azipige marufuku dinari za Rumi na awapigie watu sarafu yao.

Simulizi hiyo ni nzuri, na ugomvi wenyewe haukosi ushahidi. Justinian II aliweka uso wa Yesu Kristo kwenye dhahabu yake katika miaka hiyo hiyo, na Theophanes, mwandishi wa Kigiriki, anasema kwamba Kaisari aliukataa ushuru wa Abdul-Malik kwa sababu ulilipwa kwa sarafu ya sura ngeni. Vita vikazuka mwaka 692, na Warumi wakashindwa huko Sebastopolis. Lakini sarafu zenyewe zinatuzuia kuishia hapo. Kama dinari ya mwaka 77 ingekuwa jawabu la hasira kwa Kaisari, ingetokea mara moja na ikiwa imekamilika. Tunachokiona ni majaribio ya takriban miaka mitano. Mwaka 72 Hijiria yaliandikwa ndani ya Kuba ya Mwamba, Yerusalemu, maandishi ya mozaiki yanayotangaza umoja wa Mungu na kuwahutubia Watu wa Kitabu juu ya Isa mwana wa Maryam. Mwaka 74 zikaanza dinari za khalifa aliyesimama na upanga, na upande wa pili wa sarafu ile nguzo juu ya ngazi iliyobaki baada ya msalaba kukatwa mikono. Mwaka 77 picha ikatoweka.

Kwa hiyo Abdul-Malik alikuwa na njia tatu, na alizijaribu zote. Angeweza kuendelea kuiga, njia iliyokuwa nyepesi kwa wafanyabiashara lakini iliyomfanya aonekane mpangaji katika nyumba ya Kaisari. Angeweza kuweka sura yake, kama alivyofanya kwa miaka mitatu. Angeweza pia kuacha maneno peke yake, jambo ambalo dola kubwa za jirani hazikuwa zimewahi kulifanya.

Wengi hueleza chaguo la tatu kwa neno moja tu, kwamba picha ni haramu. Sidhani kama hilo linatosha. Ukoo huo huo ulijenga majumba ya mapumziko yaliyojaa picha za watu ukutani, kama Qusayr Amra katika jangwa la Yordani, na sarafu za shaba zenye picha za viumbe ziliendelea kupigwa katika baadhi ya majimbo. Naona sababu iko karibu zaidi na ile hija ya bendera nne. Picha ya khalifa inamtaka anayeitazama amkubali mtu fulani, na mtu huyo ndiye hasa aliyekuwa akigombaniwa. Mtu wa Kufa ambaye nduguye alikufa akimtetea Mus'ab angeiona picha ile na kumkumbuka muuaji. Lakini hapana Mwislamu, awe wa Zubeir, wa Ali au wa Khawariji, ambaye angeweza kulikataa tamko la la ilaha illa Allah. Kwa kujiondoa kwenye dhahabu, Abdul-Malik aliwafanya wapinzani wake wote wabebe mfukoni sarafu ya serikali yake bila kuhisi kwamba wamesalimu amri.

Na iko faida ya kibiashara ambayo haipaswi kusahaulika. Dirhamu mpya zilifuata mara tu baada ya dinari, zikapigwa katika miji mingi ya mashariki, kila moja ikiwa na jina la mji wake. Uzito ukapangwa upya: dirhamu 10 zikawa sawa na mithqali 7, ambapo mithqali moja ndiyo uzito wa dinari. Msomaji anayetoa zakati anaijua hesabu hii hata kama hajui ilikotoka. Nisabu ya dhahabu, yaani kiwango cha chini kinachotolewa zakati, ni dinari 20, na gramu 85 zinazotangazwa na wanavyuoni wengi leo ni mara 20 ya gramu 4.25, uzito uliothibitishwa kwa kupima dinari za Abdul-Malik zilizosalia. Gramu 595 za fedha, yaani dirhamu 200, zimetokana na hesabu hiyo hiyo.

Mwaka 77 wenyewe pia una mwangwi wake kwetu pwani. Mapokeo ya Pate, katika mojawapo ya masimulizi yaliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, yanasema kwamba mwanzo wa miji ya pwani, Pate, Lamu, Mombasa, Kilwa na mingineyo, ni watu wa Shamu waliotumwa na mtawala aitwaye Abdul Malik bin Muriani, mwaka 77 Hijiria. Akiolojia haijaithibitisha habari hiyo, nami siichukui kama ushahidi wa safari. Hata hivyo inanigusa kwamba wazee wa Pate, walipotafuta mwanzo wa kuhesabia, waliuweka katika mwaka ule ule ambao dola ya Kiislamu ilianza kusema kwa lugha yake kwenye dhahabu.

Makarani

Sarafu ilikwenda pamoja na daftari. Mpaka wakati huo hesabu za kodi za Shamu ziliandikwa kwa Kigiriki, chini ya Sarjun bin Mansur, Mkristo wa Dameski ambaye familia yake ilikuwa kazini tangu siku za Kaisari. Hesabu za Iraki ziliandikwa kwa Kiajemi. Abdul-Malik aliamuru diwani zote, yaani ofisi za hesabu, zihamie kwenye Kiarabu, na al-Baladhuri anasimulia kwamba Sulayman bin Saad, aliyeifanya kazi hiyo huko Shamu, alipewa kharaji (kodi ya ardhi) ya Yordani ya mwaka mmoja kuwa msaada wake, akaimaliza kabla mwaka haujaisha.

Huko Iraki kazi ilimwangukia Salih bin Abdur-Rahman, maula (Mwislamu asiye Mwarabu) ambaye watu wake walitekwa Sijistan, na aliyeziandika hesabu kwa lugha zote mbili. Karani wa Kiajemi, Mardanshah, alimjaribu: sehemu ndogondogo za hesabu ambazo Kiajemi kina majina yake, yeye angeziandikaje? Salih akamjibu kwamba ataandika ushuri na nusu ushuri. Mardanshah akaona mlango umefungwa. Akamwapiza kwamba Mungu aung'oe mzizi wake duniani kama alivyoung'oa mzizi wa Kiajemi, na Waajemi wakampa Salih dirhamu 100,000 ajifanye ameshindwa. Akakataa. Naitazama picha hii ya watu wawili juu ya daftari moja, mmoja akiona maisha ya ukoo wake yanakwisha kwa neno la Kiarabu la sehemu ya kumi, na ninaona ushindi wa dola kwa karibu kuliko katika vita vyovyote vya Hajjaj.

Amri haikutimia siku moja. Barua za Qurra bin Sharik, gavana wa Misri kati ya mwaka 709 na 714, zimesalia kwa Kiarabu na kwa Kigiriki, na Khurasani, jimbo la mbali la mashariki, haikubadilishwa mpaka miaka ya 740. Wala haikupokewa na wote kwa furaha. Baadhi ya watu wa dini walizichukia dirhamu mpya kwa sababu zina maneno ya Qur'ani na zingeshikwa na asiye na udhu, na inasimuliwa kwamba zikaitwa kwa jina hilo, zinazochukiwa. Lakini zikatumika.

Chapa ya mkononi

Hapa ndipo deni linapoanza. Maneno ya dinari yalikuwa ya Waislamu wote, na kila mwaka Waislamu waliongezeka, wengi wao wakiwa mawali, yaani watu wasio Waarabu waliosilimu. Kwa mujibu wa maneno yale, maula wa Iraki hakuwa chini ya Mwarabu wa Shamu. Lakini hazina ilitegemea jizya, yaani kodi ya wasio Waislamu, na kharaji, na wanakijiji waliposilimu na kuhamia Basra mapato yalipungua. Hajjaj, aliyekuwa sasa gavana wa Iraki, aliamuru warudishwe mashambani na watozwe kama zamani, na inasimuliwa kwamba majina ya vijiji vyao yalichapwa kwenye mikono yao ili wasitoroke. Gavana yule yule aliyesimamia kupigwa kwa dirhamu zenye tamko la tauhidi alipiga chapa mikono ya watu walioitamka tauhidi hiyo. Si ajabu kwamba mawali na wasomaji wa Qur'ani walijiunga na uasi wa jemadari Ibn al-Ash'ath dhidi ya Hajjaj, uliovunjwa huko Dayr al-Jamajim mwaka 701.

Salih mwenyewe, maula aliyeihamisha diwani, alikuja kuwa msimamizi wa kharaji ya Iraki mwaka 715. Dola ilijua kuwatumia watu wa aina yake, ila ilishindwa kuwahesabu. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, aliamuru jizya isitozwe kwa aliyesilimu, na hiyo ilikuwa mara pekee ambapo Bani Umayya walijaribu kwa dhati kulilipa deni la dinari yao. Baada yake hali ilirudi. Mwaka 728 gavana wa Khurasani aliwaahidi watu wa Sughdi, Asia ya Kati, kwamba wakisilimu watasamehewa jizya. Waliposilimu kwa wingi akaona kodi inapotea, akaivunja ahadi, na nchi ikawaka moto wa uasi.

Ni kutoka Khurasani hiyo ambako Abu Muslim, kiongozi wa harakati ya Bani Abbas, aliinua bendera nyeusi mwaka 747. Mwaka 750 Marwan II, khalifa wa mwisho wa Bani Umayya wa Dameski, alishindwa kwenye mto Zab na kuuawa Misri, na Bani Abbas wakawasaka watu wa ukoo wake mmoja mmoja. Walivunja karibu kila alama ya utawala uliotangulia. Dinari hawakuivunja. Ile ya mwaka 132 Hijiria, ya kwanza ya utawala wao, ina uzito ule ule, hati ile ile na tamko lile lile la tauhidi upande wa kwanza, na bado haina sura wala jina la khalifa. Badiliko liko upande wa pili, pale yalipokuwa maneno ya Sura Al-Ikhlas, ambapo ukoo uliodai ujamaa na Mtume uliandika mistari mitatu mifupi: Muhammad, Mtume, wa Allah.